Mbili kwa Mia

Muuza vitabu ninayemwendea kila Jumapili karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu, ana desturi iliyonikera mwaka mzima kabla sijaizoea. Hauzi kitabu kimoja. Huchukua viwili, akavifunga kwa uzi wa katani, na bei ni shilingi mia. Ukimwomba hiki bila kile, anakutazama kama mtu aliyeambiwa auze paja moja la kuku ambaye bado yuko hai.

"Cha zamani hakiuziki peke yake, Mwalimu," aliniambia siku nilipombana. "Watu wanataka kipya. Sasa hivi vingine nivifanyie nini, nikokee jiko?"

Kwake hiyo ni mbinu ya kumaliza mzigo, basi. Lakini nimebeba vifurushi vyake hadi nyumbani kwa muda mrefu, na nimeanza kushuku kwamba jaduong' huyu (ndivyo tunavyomwita mzee kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo) amenizidi ualimu. Nilifundisha Kiswahili miaka tisa, na miaka hiyo yote niliwapa wanafunzi vitabu kimoja kimoja, kama watoto walioadhibiwa, kila mmoja na kona yake. Yeye huvifunga viwili viwili, cha zamani na kipya, na nikifika nyumbani navikuta vimeshaanza kubishana. Hoja yangu leo ni hiyo tu. Anayetaka kusoma kwa udadisi asihangaike na orodha za vitabu bora. Atafute kitabu na jirani yake, kimoja kikongwe na kingine kichanga, avisome wiki hiyo hiyo.

Ukitazama rundo la jaduong' utaisoma kalenda ya mitihani ya kitaifa. Nakala za Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora iliyotahiniwa shuleni miaka ya 2010, ni nyingi kiasi kwamba hutumia nne kusawazisha mguu wa meza. Chozi la Heri ya Assumpta Matei nayo imeanza kufika. Ndani mna majina matatu au manne ya wanafunzi, kila mmoja amelikata la mwenzake kwa kalamu, na pambizoni mna maneno ya penseli: tashbihi, kinaya, "hii itakuja." Kitabu kikishatoka kwenye mtaala, thamani yake huanguka usiku mmoja. Shule moja niliyofundisha ilikuwa na stoo yenye nakala mia mbili hivi za riwaya iliyostaafu. Niliomba wapewe watoto wa Kidato cha Kwanza waende nazo likizo. Nikajibiwa kwamba haitahiniwi tena. Mvua ya Aprili ilipopenya bati, mchwa waliimaliza kabla ya mtoto yeyote.

Sina ugomvi na vitabu vyenyewe. Vingine ni vizuri sana. Ugomvi wangu ni na ule mwongozo mwembamba wenye jalada linalong'aa, ambao mwanafunzi huununua kabla ya riwaya na mara nyingi badala yake. Niliwahi kusahihisha insha ya binti mmoja aliyeeleza sifa sita za mhusika mkuu kwa ufasaha, akitoa na mifano. Nilipomuuliza alipendezwa na sehemu gani ya hadithi, akaniambia bila haya kwamba hajaifungua. Nilikuwa nimempa alama zote. Nilipaswa, utaratibu wa kusahihisha ulidai hivyo. Mtu akisoma namna hiyo miaka minne, akimaliza shule hakosi uwezo wa kusoma. Anachokosa ni sababu ya kufungua kitabu ambacho hakuna atakayemuuliza swali juu yake.

Kifurushi cha kwanza kunibadilisha kilikuwa Kusadikika na Betrayal in the City. Sidhani jaduong' aliwaza chochote alipovifunga. Vyote vilikuwa vyembamba na vinatoshana kimo. Kusadikika ya Shaaban Robert ilichapishwa 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Nchi inaelea hewani, na kijana aitwaye Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria. Utetezi wake ni mmoja: anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, zikiwemo mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa, wakatiwa gerezani kwa shukrani. Tamthilia ya Francis Imbuga, mwana wa Maragoli, ilitoka 1976. Nchi yake inaitwa Kafira. Zipange upya herufi hizo na utapata jina ambalo hakutaka kuliandika waziwazi.

Visome pamoja uone. Karama anaongea, mfalme anasikiliza, na mwisho wafungwa wanaachiliwa. Shaaban Robert, karani wa serikali ya kikoloni, aliamini kwamba ukipata baraza, hoja zako zikapangika, mtawala atageuza moyo. Kwa Imbuga hakuna baraza. Wafungwa wanafanyishwa mazoezi ya mchezo wa kuigiza wa kumfurahisha mgeni wa Rais, na jukwaa hilo ndilo linalogeuka kuwa mahakama, bunduki zikiwa za kweli na Mulili, binamu wa mkubwa, akianguka chini. Kati ya 1951 na 1976 ni miaka ishirini na mitano tu, na katikati yake kuna uhuru. Nilikuwa nimevifundisha vitabu hivi vyote viwili, katika miaka tofauti, na sikuwahi kuuliza ni nini kilitokea hapo kati hadi mwandishi akaacha kutegemea sikio la mfalme. Swali hilo lilinipeleka kwa kitabu cha tatu bila kulazimishwa na mtu: Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyatunga gerezani kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi. Ndiyo maana napenda kifundo cha jaduong'. Vitabu viwili vikigombana, cha tatu unakwenda kukitafuta mwenyewe.

Nilianza basi kufunga vifurushi vyangu. Kilichonipa raha kuliko vyote hakikutoka Kibuye, na hakina hata tone la maji ya ziwa letu la Victoria. Ni cha Pate, kisiwa cha pwani karibu na Lamu.

Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, ni mtu anayeuhoji moyo wake akiwa amesimama kwenye magofu. Pate ilikuwa imetajirika, kisha ikaanguka. Mshairi anapita kwenye nyumba za matajiri na kuonyesha kimoja kimoja kilichobaki. Popo wananing'inia palipokuwa na taa. Vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani, makinda ya ndege ndiyo yanayolala humo sasa. Zingatia sahani hizo, maana katika nyumba za kifahari za visiwa vile sahani zilizopambwa vidaka zilikuwa za Kichina, zilizoletwa na biashara ya bahari. Sasa weka pembeni The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, riwaya ya 2019. Inaanzia Pate hiyo hiyo, kwa binti aitwaye Ayaana na mamaye Munira, na baharia mzee Muhidin ambaye binti anajichagulia awe baba yake. Halafu Wachina wanafika, wakifuata masimulizi ya mabaharia wao waliovunjikiwa na jahazi huko karne nyingi zilizopita, na Ayaana anapelekwa China kama uzao uliopotea.

Mshairi aliiona sahani ikianguka kutoka kwenye kidaka. Mwandishi wa riwaya anaifuata sahani hiyo hadi ilikotoka. Miaka mia mbili iko kati yao, na mmoja anaandika Kiamu cha kale, Kiswahili cha Lamu kilichojaa Kiarabu, ilhali mwingine anaandika Kiingereza kilichotiwa chumvi ya Kiswahili kila ukurasa. Hata hivyo gofu ni lile lile. Kwa Sayyid Abdalla gofu ni onyo, kwamba dunia haidumu. Kwa Owuor watu bado wanapika, wanapenda na kusengenyana humo humo magofuni, na wakubwa wa mbali bado wanakuja kutafuta faida. Nilipomaliza riwaya nikaurudia utenzi, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza jambo ambalo sikuwahi kuwauliza wanafunzi: ni nani aliyekuwa akiyafagia majumba yale kabla popo hawajaingia? Utenzi haumtaji sana. Riwaya imemjaa yeye.

Najua kuna atakayesema Kiamu kinamshinda. Kinanishinda hata mimi, na mshahara nimeupokea kwa kukifundisha. Tafuta toleo lenye faharasa ya maneno magumu, na usome kwa sauti; beti hizo zilikusudiwa sikio, na sikio hushika kabla ya jicho. Jirani zangu wa Manyatta wamenisikia nikiimba Al-Inkishafi saa nne usiku wakadhani nimeokoka.

Rafiki yangu wa Nakuru hakubaliani nami hata kidogo. Yeye anasema vitabu vya zamani ni vya kuabudiwa tu, watu huvisifu ili waonekane. Tumebishana hadi chai ikapoa. Nitamkubalia nusu. Wapo wanaoamini kwamba kitabu kikizeeka kinapata hekima, kama vile mvi ni cheti. Chukua Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela, wa 1934. Mwandishi alikuwa mtoto wa mtu aliyekombolewa utumwani, akakulia katika jamii ya Freretown, Mombasa, na kitabu chake kinawamwagia Waingereza sifa za ukombozi hadi mtu unatafuta dirisha upate hewa. Bado nakipendekeza. Ila nakifunga na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza 1994. Tafsiri ilifika 2022, mwaka mmoja baada ya Mzanzibari huyo kupewa Tuzo ya Nobeli. Mvulana Yusuf anatolewa na babake kwa tajiri Aziz kufidia deni, na mtoto anafundishwa kumwita tajiri huyo mjomba. Hakuna pingu humo. Kuna adabu, chakula kizuri na bustani yenye ukuta, na mtoto hawezi kuondoka. Ukitoka hapo ukarudi kwa Mbotela, utaona jinsi anavyouweka utumwa wote kwenye jahazi na soko, ili mzungu apate mahali pa kuukomesha. Kitabu cha zamani wakati mwingine husomwa kwa sababu kimekosea waziwazi, na kosa lenyewe linakuambia mwandishi alikuwa akimshukuru nani, na kwa nini.

Mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858, mama mmoja mgonjwa wa kisiwa hicho hicho cha Pate, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimwita binti yake akae karibu aandike. Huo ndio Utendi wa Mwana Kupona. (Sijaacha kustaajabia mwaka huo. Agosti 1858 ndipo John Speke alipofika ufuo wa kusini wa ziwa, upande wa Mwanza, akalipa jina la malkia wake; na mwaka uliofuata Charles Darwin akachapisha London kitabu chake juu ya asili ya viumbe. Walimu wangu wa historia walinipa Speke na Darwin. Mama yule hawakunipa.)

Wasomaji wengi wa leo humwepuka Mwana Kupona kwa sababu anamwagiza binti amtii mume hadi kero: akilala asiamshwe, apapaswe, asikose wa kumpepea. Shaaban Robert, karibu karne moja baadaye, naye akamwandikia binti yake Mwanjaa utenzi wa nasaha, Utenzi wa Hati, akipita njia ile ile. Kisha 1994 akatokea daktari wa watoto, Margaret Ogola, mzaliwa wa Asembo, na The River and the Source. Akoko wake anaolewa kwa ng'ombe thelathini na haogopi kuzitaja. Shemeji yake anapokinyakua kiti cha uchifu anachostahili mjukuu wake, Akoko anafunga safari hadi Kisumu kwa miguu ya dhamiri yake mwenyewe, kwenda kumshtaki kwa serikali ya wakoloni. Nilipokuwa kijana nilidhani hawa wawili ni maadui, mtiifu wa Pate na mkaidi wa nchi ya Wajaluo.

Nikiwasoma kwa pamoja hilo linaniponyoka. Mwana Kupona anapofika mwishoni anawaita wanawake wote waisome kazi yake, waelewe maana. Mwanamke wa 1858 aliyetaka wanawake wengine wasome, na aliyejua kwamba maneno yake yatamzidi umri, si mtu mdogo. Na Akoko naye, kwa ukali wake wote, hasomi wala kuandika. Ni mjukuu wake Awiti, tuseme ule mkono wa tatu wa ukoo, anayefika chuo cha ualimu. Kila mmoja ana silaha aliyoikosa mwenzake. Swali linalobaki mezani ni kwa nini mwenye kalamu alitumia kalamu kufundisha utiifu, na asiyekuwa nayo akatembea hadi mjini kudai haki. Sina jibu la mkato. Nina mashaka kwamba cheo cha mume wa kila mmoja kina sehemu yake katika jibu hilo.

Nikimtaja Darwin sikumtaja bure. Mtu akikaa Dunga, ufukoni hapa Kisumu, jioni akila mbuta (sangara) wa kukaangwa, swali la kwanza la udadisi linapaswa kuwa juu ya sahani yake: samaki huyu alitoka wapi? Hakuwa wa ziwa hili. Aliletwa miaka ya 1950 na 1960, na alipozidi, fulu wadogo wa aina mamia walipungua, wengine wakatoweka kabisa. Mholanzi Tijs Goldschmidt, aliyewachunguza samaki hao akiwa Mwanza, aliandika kisa hicho kwa namna ya kusisimua kuliko riwaya nyingi. Tafsiri ya Kiingereza, Darwin's Dreampond, ilitoka 1996. Kisome na Darwin wa 1859 begani, kwa sababu fulu ni mfano wa haraka sana wa jambo alilolitafuta mzee yule, aina moja kuzaa aina nyingi, kila moja na mdomo uliochongwa kwa chakula chake. Wavuvi wa Dunga wazee wanayajua majina ya fulu ambayo hayamo katika maabara yoyote.

Sasa hapa ndipo ninapokasirika. Kati ya vitabu hivyo viwili sijawahi kushika hata kimoja kwa Kiswahili. Na msiniambie lugha haiwezi. Mashimo ya Mfalme Sulemani yalikuwa kwa Kiswahili 1929. Mwalimu Nyerere alimtafsiri Julius Caesar 1963. Samuel Mushi akatuletea Makbeth 1968 na Mfalme Edipode 1971. Wimbo wa Lawino ukafika 1975 kwa mkono wa Paul Sozigwa, na Abdilatif Abdalla, baada ya kutoka jela, akamtafsiri Ayi Kwei Armah kwa jina la Wema Hawajazaliwa. Kizazi kile kilitaka dunia nzima ipite kwenye Kiswahili. Lakini ilipita dunia ya wafalme, mizimu na mapenzi. Dunia ya samaki, nyota, damu na mawe ilibaki mlangoni. Matokeo ni kwamba msomaji wa Kiswahili mwenye udadisi anaweza kuzungumza juu ya Brutus hadi usiku, ila akitaka kujua gugumaji linavyoziba Ghuba ya Winam ya ziwa letu lazima abadilishe lugha. Wachapishaji wanajitetea kwamba kisichotahiniwa hakinunuliwi. Labda. Lakini jaduong' anaviuza, vichakavu, na anakula.

Kuna rafu nyingine inayosahaulika, na hapa Kisumu tuna hatia zaidi ya wengine. Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, alichapisha Luo Kitgi gi Timbegi mwaka 1938, desturi na mienendo ya Wajaluo kwa Dholuo chenyewe, wakati ambapo watu wengi walidhani kitabu ni kitu cha Kiingereza au cha kanisa. Mwaka 1983 Grace Ogot, naye wa Asembo, akatoa Miaha, riwaya ya Dholuo juu ya bibi harusi aliyevunja mwiko wa jembe. Zamani, yasema hadithi, jembe lililima lenyewe. Bibi harusi akalitumia kwa mikono yake, na tangu hapo tunatoka jasho. Mboya anakuambia mke mpya alitakiwa kufanya nini. Ogot anakuonyesha aliyekataa, na jinsi kijiji kizima kinavyomtwika uchovu wa wanadamu wote. Miaha ilitafsiriwa kwa Kiingereza 1989. Mwenye Kiswahili pekee, jirani yetu wa Kakamega au wa Tanga, bado anasubiri. Na Asenath Bole Odaga, aliyeendesha uchapishaji na duka la vitabu hapa hapa mjini, alitumia maisha yake akijaribu kuweka hadithi za ziwa mikononi mwa watoto; leo nikilitaja jina lake darasani, vijana hunitazama kama nimetaja kituo cha matatu kilichohamishwa.

Nakuru nitaipitia kwa haraka, rafiki yangu asinune. Binyavanga Wainaina alizaliwa huko 1971, babake akisimamia bodi ya pareto na mamake akiwa na saluni, na kumbukumbu zake za 2011, One Day I Will Write About This Place, zinaanzia kwenye bustani ya nyumbani na mtoto wa miaka saba anayepotelea mawazoni katikati ya mpira. Mfunge na Maisha Yangu ya Shaaban Robert. Mmoja anajivika kanzu kabla ya kukufungulia mlango, mwingine anakupokea akiwa na taulo. Siwezi kuamua ni nani kati yao anayeficha zaidi.

Kuhusu bei nitasema kidogo, kwa sababu kila makala ya vitabu Kenya huishia kwenye bei kama mazishi yanavyoishia kwenye chakula. Sheria ya VAT ya 2013 iliweka kodi ya asilimia 16 juu ya vitabu. Riwaya mpya dukani inaweza kumeza kibarua cha siku mbili cha mtu wa Nyalenda. Ndiyo maana sidharau uzi wa katani. Na maktaba ya umma ipo, na ada yake si ya kutisha, ingawa maktaba moja niliyoizoea, vitabu vya kale vya Kiswahili vimewekwa kwenye kabati la kioo ambalo ufunguo wake uko kwa mtu aliye likizo. Nimemuulizia mara nne. Nadhani likizo hiyo nayo inafaa kuandikiwa utenzi.

Kongowea, yule kijana wa Siku Njema, riwaya ya kwanza ya Walibora ya 1996, alitoka Tanga akimtafuta baba yake hadi Kitale. Walibora mwenyewe alikuwa wa huku kwetu, mzaliwa wa Bungoma, na alifariki Aprili 2020. Nilikuwa nimeenda kwa jaduong' Jumapili iliyopita kutafuta nakala isiyo na majibu ya penseli, nimfungie na safari yoyote ya zamani. Hakuwa nayo. Alikuwa anafunga mzigo, mawingu yamejaa upande wa ziwa, na akanisukumia kifurushi cha mwisho. Juu kulikuwa na Utendi wa Mwana Kupona, toleo dogo lililopoteza jalada. Chini yake, kitabu cha mafuta mafuta chenye michoro ya injini, cha kumwelekeza dereva namna ya kutunza pikapu ya Toyota.

"Hivi navyo umevifungaje, jaduong'?"

Alivitazama kwanza, kama ambaye naye anaviona sasa hivi.

"Vyote ni maagizo, Mwalimu. Ukitaka iende, fuata."

Matone yalikuwa yameanza kugonga turubai. Nikampa mia yake.